Neno Lisilosemwa Rundoni

Ukitaka Chepngeno akuonyeshe ubaya wake asubuhi na mapema, mwambie "tutaonana".

Makhanu, mchukuzi wa maziwa, alilijua hilo siku yake ya kwanza. Alifika langoni na pikipiki, akapima maziwa, akafunga mtungi kwa mpira, kisha akasema kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri, "Haya mathe, tutaonana kesho." Chepngeno alimrudisha kwa sauti iliyowatoa kuku chini ya ghala.

"Umesema aje?"

"Nimesema tutaonana, mathe."

"Hapa kwangu hatusemi hiyo neno. Unasema haya, unaenda."

Makhanu alienda akidhani amepata mteja mwenye akili pungufu. Huu ni mwaka wake wa sita kupita pale, na siku hizi akishafunga mtungi husema "haya" tupu, tena husema akitupa jicho juu ya mlima.

Juu ya mlima ndiko liliko Rundo. Nyumba ya Chepngeno ni ya mwisho upande huo wa Mau, ukitoka Njoro ukapanda mpaka ngano iishe na viazi vianze. Njia inapita katikati ya ua wake, nyuma ya zizi, inakata shamba la viazi, inaingia kwenye majani marefu, na baada ya mwendo wa robo saa inakufikisha mahali ambapo mlima umelala kidogo kabla ya kupanda tena. Hapo kuna mawe. Si mawe ya mlima huo, maana ya mlima huo ni mekundu na yanavunjika mkononi. Haya ni meusi, mazito, yamepangwa mduara na kulundikwa mpaka yakampita mtu kimo. Payal, mwalimu wa chuo kikuu kule Njoro ambaye kila mwaka huleta wanafunzi wake kuyaona, husema chini yake kuna watu waliozikwa na bakuli zao za mawe na shanga zao, miaka elfu tatu iliyopita. Chepngeno hana ugomvi na hesabu hiyo. "Elfu tatu ama tano," husema, "mwenye amelala hapo hahesabu."

Hakuna aliyemwajiri kulilinda Rundo. Aliolewa akalikuta, kama alivyolikuta zizi na mama mkwe. Yule mama mkwe, ambaye nyumba nzima ilimwita Kogo, yaani bibi, ndiye aliyekuwa akiwapeleka wageni, na ndiye aliyemfundisha masharti. Unayepanda, beba jiwe kutoka chini ukaliongeze. Usitoe kitu, hata changarawe iliyoingia kwenye kiatu, ikung'ute hapo hapo. Na unapoondoka usiseme tutaonana. Sema "tumepita", uende bila kugeuka.

Masharti mawili ya kwanza wanafunzi huyapenda sana, huyaandika kwenye madaftari. La tatu huwachekesha.

"Sasa mathe, ukisema inakuwa nini?"

"Umeweka miadi," Chepngeno huwajibu. "Na wewe uko na shughuli, unaweza sahau. Yeye hana shughuli ingine. Atangoja."

Hapo kicheko hupungua kidogo, hasa ikiwa ukungu umeshuka.

Yeye mwenyewe hakuwa akiamini alipokuja. Alikuwa msichana wa kwaya, sauti ya pili, na alimwona Kogo kama mzee aliyekosa redio. Mumewe Kiptum hakuamini pia. Kiptum alikuwa turniboi, yaani utingo, kwenye lori la viazi, kutoka Kuresoi mpaka soko la Nakuru, kijana wa mzaha mwingi ambaye angeweza kumchekesha hata askari wa barabarani. Jioni moja aliwapelekea ng'ombe chumvi kule juu, akapita karibu na Rundo, akavua kofia na kuinama. "Haya wazee," akasema kwa sauti kubwa, "tutaonana!" Wenzake wa lori aliokuja nao walicheka. Kogo alikuwa akikata majani hatua chache kutoka hapo, na hakucheka. Hiyo ilikuwa Jumatano. Jumamosi lori lilikosa breki kwenye mteremko wa Salgaa, Kiptum akafia humo. Jepleting, mtoto wao wa pekee, alikuwa na miaka mitatu.

Polisi waliandika breki. Chepngeno naye angeandika breki, na angekaa na breki yake mpaka leo, kama si Kogo. Kikongwe yule aliugua miaka minne baadaye, na siku alipoona hatainuka alimwita mke wa mwanawe karibu na kitanda.

"Wale wa juu hawashiki mdomo wa kwanza," alisema. "Wanashika wa mwisho, yule aliyesema akijua anachosema. Mimi nilimsikia mtoto wangu. Kama ningepanda siku ile nikasema baada yake, wangeningoja mimi. Nilikuwa na siku tatu. Nilikuwa mama yake, na nilinyamaza."

Pasta alipozisikia habari hizi alimwambia Chepngeno achague. Chepngeno alimjibu kwamba yeye humwogopa Mungu kuanzia Jumapili hadi Jumapili, lakini Mungu hajajenga nyuma ya zizi lake. Pasta alikunywa chai yake akaenda. Aliaga kwa kusema "haya".

Basi Jepleting alikua katika nyumba isiyo na neno hilo. Alipoenda shule ya bweni, mama yake alimwambia "haya". Alipoolewa na Muiruri, fundi wa kuchomelea wa mtaa wa Free Area kule Nakuru, watu wote wakiimba na kulia, mama yake alimkumbatia na kumwambia "haya". Lakini mtu haishi mjini miaka saba bila kusema wanavyosema watu. Kule Free Area tutaonana ni kama kukohoa. Unamwambia mwenye duka na mwenye mboga, unamwambia hata mtu ambaye hutaki kumwona tena.

Mwaka jana Jepleting alipoteza mimba ya miezi sita. Presha ilimpanda, akaanguka jikoni, na alikaa hospitali Nakuru siku kumi na mbili bila daktari kutaka kusema kama atatoka. Alitoka. Daktari aliwaambia yeye na Muiruri bila kuzungusha maneno: mimba nyingine ikija, dalili moja tu, kichwa kimoja kikali, macho kuona nyota mara moja, wasingoje asubuhi. Mara ya pili huenda mwili usirudi. Mimba nyingine ilikuja. Ilipofika miezi saba, Jepleting alipanda kwa mama yake kupumzika, maana kule mjini anakaa ghorofa ya tatu na jirani wa chini huwakesha watu kwa spika. Muiruri angemfuata wikendi.

Chepngeno alimpokea kwa furaha na kwa hofu, na hofu ilikuwa kubwa zaidi. Alimpikia uji, alimkataza ndoo, alimtazama miguu kila asubuhi kama anavyotazama kiwele cha ng'ombe aliye karibu kuzaa. Kitu kimoja alishindwa kumkataza. Mlima ule wote hauna network isipokuwa sehemu moja, na sehemu hiyo ni Rundoni. Hakuna anayejua kwa nini. Anayetaka kupiga simu hupanda na jiwe lake mkononi, huegemea mawe, hupiga, na hufunga maongezi kwa "haya". Hata vijana wa bodaboda hufanya hivyo. Ukiwauliza watakwambia ni mazoea tu.

Jumanne Payal alifika na wanafunzi kumi na mmoja. Ukungu ulikuwa umeshika viazi tangu alfajiri na haukuonyesha nia ya kuondoka. Jepleting akasema anapanda nao polepole, ampigie Muiruri.

"Salimia yeye ukiwa umekaa chini," Chepngeno akamwambia. "Na ufunge mdomo vizuri."

"Mama, aki, mimi si mtoto."

Walipanda, Chepngeno akiwaongoza. Wanafunzi waliongeza mawe yao, Payal akaeleza habari za bakuli na shanga, ukungu ukaja na kwenda mpaka mtu akawa hamwoni mwenzake isipokuwa miguu. Kisha wakasema "tumepita" kwa pamoja kama darasa la watoto, wakaanza kushuka. Chepngeno aliwahesabu wakimpita. Aliyebaki alikuwa Jepleting. Alikuwa amesimama akilitazama Rundo, mkono mmoja juu ya jiwe, mwingine umeshika simu sikioni.

"Sawa, Ijumaa," alikuwa akisema, akitabasamu. "Eeh. Nimeskia. Haya baba, tutaonana."

Kisha akaitoa simu sikioni, na mbele yake hapakuwa na mtu. Palikuwa na mawe tu.

Chepngeno alimwona binti yake akigeuka, akamwona akiona uso wa mama yake, na polepole akiweka mkono mdomoni.

"Mama, nilikuwa naambia Muiruri."

"Najua."

"Si wanajua ni simu?"

Watu wa miaka elfu tatu, simu wangeijulia wapi? Kutoka ubavuni mwa Rundo jiwe moja dogo liliteleza, likagonga lingine, likatulia. Mawe huteleza. Chepngeno alimshika binti yake mkono wakashuka, na hakuna aliyegeuka.

Jumatano Jepleting aliamka miguu imevimba. Muuguzi wa zahanati alimpima, akakunja uso, akampima tena, akampa vidonge na kumwambia apumzike, na mabadiliko yoyote yakitokea ashuke Nakuru mara moja. Chepngeno alisikiliza yote hayo akiwa anahesabu. Jumatano. Kiptum alikuwa na siku tatu.

Mchana alingoja mpaka binti yake akasinzia, akapanda peke yake. Alijua anachokwenda kufanya. Alikuwa akikijua tangu Kogo alipofumba macho. Alisimama mbele ya Rundo, akafungua mdomo, na neno halikutoka.

Alijaribu tena. Aliweza kusema "tu". Ulimi ukakataa kwenda mbele. Alikuwa na miaka hamsini na minane, ng'ombe wanne na mtamba mmoja, meno yake yote, na sauti ya pili ambayo kwaya haikuwa imempata mwingine wa kuishika. Alitaka kuishi. Hilo lilimshangaza, maana kwa miaka mingi alikuwa akisema kwamba kwa mtoto wake angekufa mara mbili, na kumbe hata mara moja alikuwa akiikwepa. Aliona aibu kiasi kwamba alitazama nyuma kuona kama kuna mtu.

Basi akafanya biashara ya woga. Alishuka mpaka mlangoni kwake akalichukua jiwe la kunolea. Lilikuwa jiwe la kijani lenye shimo katikati kama bakuli, lililolika kwa panga za watu watatu, Kogo, Kiptum na yeye. Alilifunga mgongoni kwa leso kama mtoto, akapanda nalo akitweta, akaliweka juu ya mengine.

"Hili ni langu," aliliambia Rundo. "Limenikaa mkononi miaka thelathini. Chukueni hili. Yule mtoto alikuwa anaongea na bwana yake, hakuwa anaongea na nyinyi. Tumepita."

Alishuka bila kugeuka. Usiku huo alilala kama mtu aliyemaliza kazi.

Alhamisi asubuhi alifungua mlango ili aende kukamua, na jiwe la kunolea lilikuwa mahali pake.

Lilikuwa limelala pale pale kwenye ukingo wa kizingiti, shimo limetazama juu, lina umande. Chepngeno aliangusha ndoo. Alilitazama bila kuligusa, akatazama mlima, na mlima haukuonekana kwa ukungu. Wamekataa, akajiambia. Wamelirudisha mpaka mlangoni ili nisiseme sikuelewa.

"Mama, nini?"

Jepleting alikuwa ameketi kwenye kigoda jikoni, amejifunika leso, matope mapya kwenye viatu. Uso ulikuwa umejaa na macho yalikuwa madogo.

"Nani ameleta hii jiwe?"

"Ni mimi. Nimepanda saa kumi na mbili kupigia Muiruri, kichwa ilikuwa inaniuma. Nikaikuta huko juu. Nikajua ni wale wanafunzi, umewaambia wabebe jiwe wakabeba ya kwanza wameona kwa mlango. Nikakurudishia." Alijaribu kucheka. "Ni nzito, aki."

Chepngeno alishika mwimo wa mlango. Binti yake, na mimba ya miezi saba, na presha, alikuwa amelitoa jiwe Rundoni. Alilitoa kwa upendo. Alikuwa amelibeba tumboni, juu ya mtoto, njia nzima ya utelezi, ili mama yake asikose pa kunolea panga. Ungemgombezaje mtu kama huyo?

"Kichwa inaniuma sana, mama," Jepleting akasema. "Naona vitu kama vipepeo."

Muiruri alifika saa tatu na gari aina ya Probox aliloazima, matope mpaka kwenye vioo. Hakuzima injini. Alimbeba mkewe akamlaza kiti cha nyuma, akamgeukia mama mkwe wake.

"Mama, ingia twende."

"Nendeni. Mimi niko na kazi hapa."

Muiruri alimtazama kana kwamba hakusikia vizuri. Kazi? Ng'ombe? Lakini alikuwa mkwe mwenye heshima, akameza alilotaka kusema. "Sasa tutakupata aje kwa simu?"

"Nitakuwa Rundoni. Nitakaa huko mpaka mnipigie."

Jepleting aliinua mkono kutoka kiti cha nyuma. "Haya, mama," akasema, kwa uangalifu, kama mtoto anayeonyesha amejifunza.

"Haya," Chepngeno akasema, na gari likashuka.

Hakukamua. Makhanu alipofika aliwakuta ng'ombe wakilia na ndoo imelala ubavu, akakamua mwenyewe jinsi alivyojua. Chepngeno alikuwa ameshapanda, jiwe la kunolea mgongoni, simu imefungwa kwenye pindo la leso. Aliliweka jiwe pale lilipokuwa jana, akaketi, akangoja. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba Rundo lilionekana halina mwisho. Mara kwa mara alisikia mawe yakitulia ndani, tik, kama nyumba ya mabati jua linapotua, ingawa jua halikuwepo. Aliimba sauti ya pili ya wimbo wa kanisani, peke yake, na bila sauti ya kwanza haukufanana na wimbo.

Saa saba kasorobo simu ilitetemeka.

"Mama." Ilikuwa ni Muiruri, na alikuwa akilia. "Presha imekataa kushuka. Wanampeleka thieta saa hii, wanatoa mtoto. Wamesema… wamesema tuombe. Ameitisha kuongea na wewe. Dakika moja tu."

Kukawa na mlio wa magurudumu, mlango ukagonga, kisha pumzi karibu na simu.

"Mama?"

"Niko, mtoto wangu."

"Usiogope. Mimi siogopi." Alikuwa akiogopa mno, sauti ilikuwa ya yule mtoto wa miaka mitatu. "Wananiita. Sitasema ile neno. Najua mahali uko. Haya, mama."

Chepngeno alisimama. Magoti yalimuuma, na aliona kwamba hata sasa anataka kuishi, haikuwa imepungua hata kidogo. Aliweka mkono juu ya mawe yaliyokuwa baridi.

"Mimi ndiye nitasema," akasema. "Tutaonana."

Jepleting akapaza sauti kwa nguvu ambazo hakuwa nazo. "Mama! Si uko Rundoni?"

"Najua mahali niko," Chepngeno akasema. "Nenda, wanakungoja."

Simu ilikatika. Alirudia neno lile mara ya pili, pole pole, akiyatazama mawe, ili pasiwe na wa kusema alikuwa akiongea na simu. Halafu akaketi tena, akangoja kwa karibu saa mbili na nusu. Ndani ya Rundo hapakusikika tena tik yoyote.

Saa tisa na dakika kumi simu ililia, na Muiruri hakuweza kupanga maneno. Msichana. Mdogo, kilo moja na nusu, wamemweka kwenye mashine ya joto. Mama yake ameamka. Presha inashuka. Ameamka, mama, ameuliza kama umekula. Chepngeno alilia kwa sauti, alimshukuru Mungu kwa Kiswahili na kwa Kikalenjin, alicheka, akapiga magoti akaubusu udongo. Hakuwa amepata kuwa na furaha kama hiyo hata siku ya harusi yake.

Kisha akajikung'uta majani, akafunga leso, akawageukia wale wa chini ya mawe ili awaage kama alivyowafundisha wengine kuaga kwa miaka yote ile. Alifungua mdomo, akaufunga. "Tumepita" ni neno la wapita njia, na yeye alikuwa ameshaweka miadi.